Raga, Keg na Jaba: Msimu Ukiwa Moto, Mse Anaeza Piga Maji?

Bia haiko kwa orodha ya vitu vimekatazwa ya WADA, wale wasee wa dunia wa kupigana na madawa kwa michezo. Ilitolewa kabisa 2018, na hata kabla ya hapo ilikuwa imekatazwa tu kwa michezo kadhaa, ka kulenga mishale na mbio za magari. Kwa hivyo mwanaraga anaeza kata Tusker usiku mzima, aingie fildi kesho yake macho ikiwa nyekundu, akojoe kwa ile chupa ya wapimaji na atoke safi. Sasa cheki mwenzake wa Maua. Huyo hajaonja hata tone, lakini asubuhi ya mechi alichana jaba kidogo ndio awe na stimu. Huyo ndiye anaeza shikwa. Kathinoni, ile kitu iko kwa majani ya miraa na muguka inakupea handas, imekatazwa siku ya mechi. Na kathini, ndugu yake mdogo, ikipita kiwango kwa mkojo pia ni ngori.

Naanza hapo juu huku kwetu, kutoka Laare mpaka Siakago, stori ya mchezaji na ulevi haijawahi kuwa ya chupa peke yake. Wasee wa Nairobi wakibishana ka mwanaraga anafaa kukunywa msimu ukiendelea, wanaongea juu ya bia na hango. Sisi tuko na bia, tuko na keg, tuko na mzinga, alafu tuko na jaba inayotangulia hizo zote. Ukitaka kubonga hii maneno bila kutaja jaba, wewe hujawahi kaa Makutano ya Meru Jumamosi jioni.

Swali lenyewe limetoka mbali. Kuna raga ingine ya watu 13 inaitwa rugby league, si hii yetu ya 15 wala ile ya 7 ya Shujaa, timu ya taifa. Inachezwa sana Australia na kaskazini ya Uingereza, na huko ni kazi ya mshahara kabisa. Hata kuzaliwa kwake ni stori ya doo. Agosti 1895, klabu za kaskazini zilikutana kwa hoteli ya George pale Huddersfield, zikajitoa kwa chama kikubwa cha raga. Wachezaji wao walikuwa watu wa migodi na viwanda, na mtu akikosa job ndio acheze, anakatwa. Klabu zikataka kumlipa hiyo siku imepotea. Mabwenyenye wa London wakasema hapana, raga ni ya kujibamba, si ya kulipwa. Wakaachana hapo. Ile raga ya 15 ilikuja kukubali mshahara 1995, miaka 100 baadaye.

Sasa rudi huku. Wanaraga wengi wa Kenya bado wako 1895. Ukitoa Shujaa na klabu chache ziko na kampuni nyuma, ka Kabras ya sukari kule Kakamega na KCB ya benki, hao wengine wanatoka klasi ama job, wanapanda mat, wanagongwa dakika 80, na Jumatatu asubuhi wako tena kwa job na mbavu zinauma. Upande wetu raga ni ya vyuo. Ukipita Nchiru, Chuka ama chuo cha Embu jioni, utapata mbogi inakimbizana kwa nyasi, nusu yao na viatu za kuombana. Kinoru ilirembeshwa, Madaraka ya 2018 ikafanyiwa hapo. Moi Stadium ya Embu nayo ikapata yake 2023. Lakini mse wa raga wa huku bado anajua zaidi fildi ya shule kuliko hizo stadi.

Hiyo tofauti ya mfuko ndio inaamua nani anaeza kukataza nani. Kule Australia klabu ikikwambia hakuna pombe mpaka msimu uishe, unaweka sahihi ama unaishia. Todd Carney alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima 2010, akavishwa medali ya Dally M akiwa Sydney Roosters. 2011 hao hao Roosters wakamfuta, juu ya vituko vya pombe nje ya fildi. Mwaka mmoja tu katikati. Sasa wewe kapteni wa timu ya chuo, nauli mnachangishana kwa kofia, utamfuta nani? Ukimfuta propu wako juu alipatikana kwa baa Ijumaa, Jumamosi utasukuma skramu na nani?

Form yangu ni hii, na najua kuna wasee itawauma. Marufuku ya msimu mzima ni ya mwenye analipa. Klabu haikupei hata supu baada ya mechi, alafu inataka kuchunga koo yako kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tano? Hapana bana. Lakini kuna masaa flani karibu na mechi penye hakuna mjadala, uwe umelipwa ama hujalipwa, juu hapo hatubongi tena juu ya nidhamu. Tunabonga juu ya nyama ya paja lako.

Chukua Tusker moja, ile chupa ya nusu lita. Pombe yake ni asilimia 4.2. Ukipiga hesabu unapata gramu 16 na nusu hivi za alkoholi kwa kila chupa. Sasa leta mse wa kilo 80. Watafiti wa hizi vitu wanapendanga kipimo cha gramu 1 kwa kila kilo ya mwili, na kwa huyu mse hiyo ni gramu 80, yaani chupa tano. Chupa tano Jumamosi jioni, kwa mtu amezoea, hata haiitwi kulewa. Inaitwa kupasha koo.

2013 watafiti wa Australia walitoa ripoti ya wachezaji 9 wa rugby league, wa ridhaa ka hawa wetu. Waliwapea kiwango hicho hicho cha gramu 1 kwa kilo baada ya mechi ya ukweli, na baada ya mechi ingine wakawapea kinywaji bila pombe, wakalinganisha. Kesho yake asubuhi wakiambiwa waruke, miguu ya wale wa pombe ilikuwa imepoteza nguvu zaidi, na kichwa kilikuwa kinachelewa kuamua. Kwa raga kichwa kikichelewa kidogo tu, bega la mtu liko kwa kidevu chako. New Zealand nako, Matthew Barnes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massey walichosha mapaja ya watu kwa mashine, alafu wakawapea vodka imechanganywa na maji ya machungwa, ile ile gramu 1 kwa kilo. Paja likapoteza nguvu mob kuliko lilivyopoteza na machungwa peke yake. Wakarudia na nusu ya kiwango, na hapo hawakuona tofauti.

Hiyo ya mwisho isikupite. Nusu ya kiwango kwa mse wa kilo 80 ni chupa mbili na kidogo. Kwa hivyo ukisikia kochi anasema tone moja litaua mguu wako, anakutisha tu. Shida ni kwamba huku hakuna meza inasimama mbili. Ya tatu inaletwa na mtu hujaitisha, na kukataa ni matusi.

Kuna ingine ya 2014, hii ilipima kasi ya mwili kujenga nyama baada ya tizi. Wakakunywa gramu 1.5 kwa kilo, na kwa mse wetu hiyo ni chupa saba. Hata ukiwa umepata protini zako vizuri, hiyo kasi inashuka na asilimia 24. Ukiwa umekula wanga peke yake, yaani ile chipo ya karatasi na chumvi mingi, inashuka na 37. Ukumbuke ile tizi ya Jumanne ulitapika, na ile ya Alhamisi kochi aliwazungusha fildi mvua ikinyesha. Nyama ulikuwa unatafuta hapo ndio hiyo imepungua.

Lakini hizo ni maabara. Watu walikuwa wamekula, wakapimwa na watafiti. Makutano, Meru, saa moja usiku, mambo ni tofauti. Mbogi imetoka kucheza, jezi ziko kwa kiroba zinanuka, mmoja goti limefura na amelifunga na leso ya mtu. Hakuna mtu amekula tangu chai ya asubuhi juu nauli ilimaliza kila kitu. Cha kwanza kuingia ni jaba: muguka ya soo kwa karatasi, njugu, Big G, soda moja inazunguka watu watano. Kwa mwili umechoka jaba inafanya vitu viwili. Inaua njaa na inafukuza usingizi. Na goti lilikuwa linangoja hizo mbili tu, chakula na usingizi.

Saa nne handas imepanda. Stori ni mingi, mechi inachezwa upya kwa mdomo na saa hii tunashinda. Halafu mtu anakumbuka kesho kuna kitu, lazima ashuke. Hapo ndio keg inaitwa, jagi la kwanza, la pili, la tatu limeletwa na shabiki flani aliyeona ile trai. Wachanaji wengi hawaitishangi pombe ndio walewe. Wanaitisha ndio wazime. Mwenye baa anaijua hiyo biashara, ndio maana kibanda cha miraa hakikosi karibu na mlango wake. Saa nane mse anaanguka kitandani, kichwa bado kinakimbia, na saa kumi na moja kibofu kinamwamsha. Piga hesabu mwenyewe: chakula hakuna, usingizi ni masaa matatu, na kwa damu kuna chupa tano ama zaidi. Hakuna utafiti nimewahi ona umepima hiyo kombaini yetu, na naona watafiti wangeogopa.

Kabla mtu hajaniita adui wa wakulima, ngoja. Muguka imesomesha watoto wa Mbeere mpaka chuo, na miraa imejenga Igembe nyumba za mawe. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipopiga muguka marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, wakulima wetu wakakimbia mahakama kuu ya Embu na marufuku ikasimamishwa. Nilifurahi walai. Na kathinoni ni kitu ya haraka, majani yakinyauka inaisha, ndio unaona pikapu za Maua zinashuka Nairobi ka zimeibwa. Kulima, kuuza, kuendesha hiyo pikapu, hizo ni kazi za watu. Kuchana saa mbili kabla ya mechi ndio kitu sielewi, haswa ka unaota siku moja utaitwa Shujaa na kupimwa.

Wazee walikuwa wamemaliza hii mjadala kitambo. Kwa Wameru na Waembu, pombe ya asali na muratina ilikuwa ya watu wazima wenye boma. Nthaka, wale vijana wa vita, hawakuwa wa kushika pembe. Kazi yao ilikuwa kuamka usiku adui akija kwa ng'ombe, na nthaka amezima hawezi kuamka. Ukioa, ukazaa, ukatoa mbuzi zako, ukapanda rika, ndio unaitwa kukaa na hao wazee na kuonjeshwa. Ukimwuliza guka leo atakwambia hivyo akijisifu, ingawa mimi nikimsikia nawaza pia vijana wakikatazwa kulikuwa kunabaki mingi kwa kibuyu. Lakini logiki iko sawa. Aliye zamu hakunywi. Msimu ni zamu.

Tofauti ni kwamba ile muratina guka alikunywa, alijua nani aliipika. Wewe unajua nini iko kwa hiyo glasi?

Mei 2014 watu wa Embu hawakujua. Pombe ya bei ya chini ilikuwa imechanganywa na methanoli, na kwa siku chache zaidi ya watu 60 wakawa wamekufa Embu, Kitui, Makueni, Kiambu na Murang'a, huku Embu ikiwa kati ya zile ziliumizwa zaidi. Wengine walipona lakini wakabaki vipofu. Methanoli ikifika kwa ini inageuzwa asidi, na hiyo asidi inakula mshipa wa macho. Haionjeki tofauti, hainuki tofauti, na haihitaji kuwa mingi. Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imeirudishia keg ushuru, bei ikapanda, na wakunywaji wa mfuko mdogo wakarudi kwa vichochoro. Wengi waliunganisha hizo mbili. Februari 2024 ikatokea tena jirani hapa Kirinyaga, kijiji cha Kangai, zaidi ya watu 10 wakaenda.

Sasa weka mwanaraga wa chuo kwa hiyo picha. Mfuko wake unamruhusu nini? Si ile Tusker ya watafiti. Ni ile kitu ya mtaa wa Dallas, Embu, inauzwa kwa chupa haina karatasi, ama mzinga mdogo wa watu wanne. Ndio maana nacheka nikiona makala za ng'ambo zikishauri wachezaji wakunywe divai nyekundu badala ya bia.

Kuna mtu mmoja mashabiki wa raga ya 13 na mashabiki wa Arsenal wanamshare, na naona hakuna baa Embu inajua hivyo. Tony Adams. Wewe uko hapo umevaa jezi nyekundu, unapiga kelele kila wikendi, na kapteni wako wa zamani alikuwa mlevi wa kuvunja ukuta. Ukweli mtupu: 1990 aligonga ukuta wa nyumba ya mtu na gari akiwa amelewa, akafungwa miezi minne, akatumikia karibu nusu. Akarudi akaendelea kuwa kapteni na kuendelea kukunywa. Septemba 1996 ndio alisimama mbele ya wenzake akasema yeye ni mlevi, anahitaji usaidizi. Wiki chache baadaye Arsène Wenger akaingia Arsenal, akatoa pombe, akaleta samaki wa mvuke na mboga. 1998 Adams akainua ligi na kombe la FA mwaka huo huo, na 2002 akarudia, akiwa na miaka 35.

2000 alianzisha kliniki ya wanamichezo wenye shida za ulevi na kamari, inaitwa Sporting Chance, na imesaidia wachezaji wengi wa rugby league. Ndio maana 2019 chama cha rugby league cha Uingereza kilimfanya rais wake wa heshima. Mtu wa soka, si wa raga. Walimpea hiyo kiti juu walikuwa wamekubali kwamba mchezaji wa mshahara, na marufuku, na kontrakti, bado anaeza kuzama. Kumfuta Carney kulimaliza shida ya Roosters. Ya Carney hakukuimaliza.

Sisi tuko na zetu, na zinauma zaidi. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia 1978 ndani ya siku 81: mita 3,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 5,000 na mita 10,000. Hakuna mtu amerudia hiyo. Kenya ilisusia Olimpiki ya 1976 na ya 1980, kwa hivyo hakuwahi kuona medali ya hapo. Pombe ikamshika Marekani, mpaka akalala nje na kubeba mizigo ya watu uwanja wa ndege. Wapenzi wa mbio wanapenda kusimulia venye 1981 alivunja rekodi ya mita 5,000 kule Norway asubuhi yake akiwa ametoka kukimbia ndio atoe pombe ya usiku. Hiyo stori imeharibu vijana wengi. Kila timu iko na mse anakwambia, "Mimi nikiwa na hango ndio nachezanga poa." Rono aliweza juu alikuwa Rono, na bado hakuweza muda mrefu. Aliaga Februari 2024. Samuel Wanjiru naye, Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008, alikufa Nyahururu Mei 2011 baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake. Alikuwa na miaka 24, pesa mingi, na meza hazikuwahi kosa watu wa kumjazia.

Hao watu wa kujaza ndio hawaongelewangi. Safari Sevens, ile shindano ya raga ya 7, ilianza 1996, na kwa miaka mingi jina lake lilibeba Tusker mbele. Kwa soka tuko na timu nzima inaitwa Tusker FC, ya wenye bia wenyewe, na ilibeba ligi 2021 na 2022. Aprili 2016 Shujaa wa Benja Ayimba walipotandika Fiji 30-7 kwa fainali ya Singapore, nchi nzima ililewa kwa niaba yao. Julai 2025 serikali na NACADA, mamlaka yake ya kupigana na ulevi, wakaleta sera mpya inataka umri wa kukunywa utoke 18 uende 21 na matangazo ya pombe yatoke kwa michezo. Kelele ilikuwa kubwa, wakasema ni sera tu, si sheria. Mimi hiyo ya 21 siiamini, juu ile sheria ya Mututho ya 2010 inasema 18 na bado unaona watoto wa form thrii wakitoka kichochoroni. Hiyo ya matangazo iko na maana. Lakini bila kampuni za bia nani atalipa bili? Hapo viongozi wa michezo wananyamaza, na naelewa kwa nini.

Mtaani udhamini ni kreti. Timu imeshinda, mheshimiwa flani anashuka kwa gari kubwa, anapiga picha na kombe, anawaachia kreti mbili na elfu tano ya kugawana watu 20. Kila mtu anapiga makofi. Vijana hawajala, hawana bandeji, mmoja anachechemea, na zawadi yao ni kitu itafanya wachechemee zaidi. Mheshimiwa, leta mbuzi. Ama basi nauli ya mechi ijayo.

Ka ningekuwa naandikia timu sheria, ingekuwa fupi. Kuanzia Alhamisi usiku mpaka Jumapili mchana hakuna maji na hakuna jaba. Mechi ikiisha, kwanza maji ya kawaida, uji wa kuchacha, mayai boilo, mala, na githeri ya mama wa kibanda mkiwa mmemlipa mapema ndio asiwachoree. Jumapili mchana ukitaka zako mbili, na hujaumia, hiyo ni yako na Mungu wako. Lakini mwenye amegongwa kichwa haguzi kitu hiyo siku na kesho yake, halali peke yake, haendeshi hata bodaboda. Hii sibishani na mtu. Kichwa kikiwa kimetikiswa, mtu anapepesuka, anatapika, anaongea polepole, anasinzia. Mlevi pia ni hivyo hivyo. Mse akilala kwa kiti pale Makutano saa tatu usiku, wenzake watacheka wampige picha, kumbe damu inavuja ndani ya fuvu.

Inabaki venye ya kukataa raundi bila kuitwa wa kanisa. Wengi wanatumia ile ya "niko kwa dawa." Inafanya kazi poa, mtu anakuonea huruma na anakununulia soda. Lakini msimu ni mrefu. Wiki ya tatu wanaanza kuulizana hiyo ugonjwa yako ni gani, na manzi wako naye anataka kujua.